Wazazi wa Ilomba, tusome wanachoandika watoto wetu

Wazazi wenzangu wa Ilomba, nawaandikia juu ya jambo tunaloligusa kila siku vipande vipande: ndani ya daladala za Uyole, kwenye vibaraza vya maduka, baada ya ibada, na tukiwa kwenye foleni ya kuchukua ripoti za watoto. Kompyuta, simu janja na vishikwambi vinaufanyia nini uandishi wa watoto wetu? Kila mwenye mtoto ana lake la kusema, na wengi wanalisema kwa uchungu, maana daftari, michango na bando vyote vinatoka mfuko mmoja.

Yupo mzazi anayesema mashine imeharibu. Atakufungulia daftari la binti yake wa kidato cha pili akuonyeshe palipotiwa wino mwekundu: "Cku hiyo 2liamka mapema xana." Lugha ya simu imeingia kwenye insha bila kupiga hodi. Mzazi huyu alisoma enzi za imla. Mwalimu anasoma sentensi, darasa zima limeinama linaandika, kisha mnabadilishana daftari na kuhesabiana makosa. Mwandiko ulikuwa na kipindi chake kwenye ratiba. Leo anamwona mwanawe akiandika kwa vidole gumba viwili kwa kasi ya ajabu, lakini mtoto huyohuyo akipewa kalamu amwandikie barua baba yake mkubwa aliyeko Tukuyu, nusu saa inapita hajavuka salamu.

Yupo wa pili, naye ushahidi anao. Mtoto wake ana mwandiko ambao hata mwenyewe hausomi kesho yake. Kila insha inarudi na alama ndogo na maneno "andika vizuri", hadi mtoto akaamini kwamba hana cha kusema. Siku alipokalishwa mbele ya kompyuta ya mjomba wake, akachapa ukurasa mzima. Mzazi huyu anauliza: kwa nini tumnyime? Tena anatukumbusha kwamba nafasi za utumishi wa umma sasa zinaombwa kupitia Ajira Portal, na mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni. Mtoto asiyejua kuchapa atabaki kumlipa mtu wa steshenari maisha yake yote.

Na yupo wa tatu, ambaye hasemi kitu. Mkutanoni anakaa nyuma. Aliishia darasa la saba, au hakufika huko, na anaona mambo ya kompyuta yana wenyewe. Huyu ndiye ninayemwandikia zaidi kuliko wote, hata kama itabidi asomewe waraka huu na mwanawe.

Ninalotaka kuwaambia ni hili. Tumebishana sana juu ya mashine na hatujafungua daftari. Mtoto anaandika vibaya pale anapoandika bila msomaji, na anaandika vizuri pale anapojua kuna mtu anasubiri kusoma alichoandika. Kalamu haibadilishi hilo, kompyuta hailibadilishi. Linabadilishwa na mimi na wewe.

Hofu yenyewe haikuanza jana. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliingia Hazina mwaka 1965, na kufikia 1974 nchi ilishachoka nayo kiasi cha kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Waliokuwa shuleni miaka ile walizijua kwa picha tu. Sasa tumefika mahali ambapo vishikwambi vya Sensa ya 2022, kazi ilipokwisha, vilikabidhiwa kwa walimu nchi nzima. Mwalimu wa mwanao huenda anacho kwenye mkoba. Miaka hamsini ni mifupi kwa safari hiyo, na sishangai kwamba wengine wetu tuna wasiwasi.

Lakini hapahapa nchini tumeshaona mashine ikijaribiwa kwa watoto, tena kwa kiwango kikubwa. Mkoa wa Tanga, kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE, na serikali yetu pamoja na UNESCO na WFP walishiriki kulisimamia. Wengi wa watoto hao, karibu robo tatu, walikuwa hawajawahi kukanyaga darasani. Zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Hakuna mwalimu aliyekaa nao. Vishikwambi vilichajiwa kwa vituo vya umeme wa jua vilivyojengwa kijijini, na watoto wakajifunza wenyewe na kwa kuelekezana. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imeshuka kwa nusu. Mwezi Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Mzazi anayesema mashine haina faida yoyote aitazame Tanga kwanza. Kwa mtoto asiye na shule, kishikwambi kilikuwa mwalimu aliyekuja kumfuata nyumbani.

Hata hivyo, tuangalie kilichokuwa kikitokea juu ya kile kioo. Mtoto anaifuatisha herufi kwa kidole, mashine inampigia makofi, inampeleka herufi inayofuata. Ni mwanzo mzuri, nami nausifu. Ila kufuatisha herufi uliyochorewa ni kazi moja, na kutunga sentensi ambayo hakuna aliyekuwekea mdomoni ni kazi nyingine. Tena kioo kinaweza kukubali hata herufi iliyoanzwa chini kwenda juu. Walimu wetu wa darasa la kwanza wanajua kwa nini wanawaandikisha watoto hewani kwanza, kisha kwenye mchanga, ndipo wawape penseli. Mkono unatakiwa kuizoea njia ya herufi kabla ya jicho kuridhika na umbo lake.

Sayansi inaelekea kukubaliana na walimu hao. Mwaka 2012 Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na mwenzake walichukua watoto wadogo ambao hawajajua kusoma. Baadhi ya herufi waliziandika kwa mkono bila kufuatisha chochote, nyingine walifuatisha alama za nukta, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Kisha ubongo wao ukapimwa wakiwa wanaziangalia herufi hizo. Sehemu za ubongo tunazotumia kusomea ziliamka kwa herufi zilizoandikwa kwa mkono huru. Kwa nyingine hazikuamka vile. Maelezo yake yanaingia akilini: mtoto akiandika "a" kwa mkono, kila mara inatoka tofauti kidogo, moja imepinda, moja ina tumbo kubwa, na kwa kuziona zote ni zake anajifunza nini hasa kinaifanya "a" kuwa "a". Kibodi inampa "a" ileile kila siku. Watoto waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo tusiufanye utafiti huo kuwa msahafu, lakini unatosha kunifanya niseme wazi: kwa awali, darasa la kwanza na la pili, kalamu itangulie. Sweden, nchi iliyokuwa mbele kabisa kupeleka vifaa vya kidijitali hata kwa watoto wa chekechea, mwaka 2023 iligeuka na kuanza kurudisha vitabu na uandishi wa mkono kwa watoto wadogo. Sisi hatuna haja ya kuzunguka njia hiyo ndefu.

Kwa watoto waliokwisha kuijua kalamu, habari ni tofauti, na hapa yule mzazi wa pili ana haki yake. Watafiti wa Chuo cha Boston walikusanya mwaka 2003 tafiti za miaka kumi iliyotangulia wakaona kwamba wanafunzi wanaoandikia kompyuta huandika kwa urefu zaidi, na kazi zao huwa bora kiasi. Sababu mojawapo kila mzazi anaweza kuiona mezani kwake. Kwenye daftari, mtoto akigundua aya ya pili ilitakiwa iwe ya kwanza, itabidi aandike upya kurasa mbili, na daftari lina kurasa zake za kuhesabu. Basi anaiacha ilivyo. Tena anakwepa maneno asiyo na hakika ya tahajia yake. Kwenye kompyuta anahamisha, anafuta, anaongeza, hakuna doa. Na watafiti hao waliona jambo jingine ambalo kwangu ndilo kubwa: wanafunzi walioandikia kompyuta walionyeshana kazi zao mara nyingi zaidi. Walikuwa na wasomaji.

Sasa nirudi kwenye "xana" na "2liamka". Nawaomba tusiwakasirikie sana watoto kwa hili. Mkato ule ulizaliwa enzi ambazo ujumbe mmoja ulikuwa na herufi 160 na kila ujumbe ulikatwa hela. Sisi wenyewe ndio tulioanza. Mtoto wa Mbeya anamwamkia bibi yake kwa Kinyakyusa au Kisafwa, anatoka nje anacheza kwa Kiswahili, anaingia sekondari anajibu maswali kwa Kiingereza, wala hachanganyi kwa sababu alielekezwa mapema lugha ipi ni ya wapi. Mtoto huyo hashindwi kujua kwamba "xaxa" ni ya kwenye simu na "sasa" ni ya kwenye barua. Anayeshindwa ni yule ambaye hakuna mtu mzima aliyewahi kusoma alichoandika akamwambia, mwanangu, hapa siyo mahali pake.

Kuna madhara mengine ya mashine ambayo hatuyasemi, pengine kwa sababu hayaonekani kama kompyuta. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa kompyuta. Watoto walipewa fomu zenye herufi za kuchagua, kazi yao ikawa kutia weusi kwenye jibu, hata kwenye hisabati. Matokeo yalitoka haraka na usahihishaji ukawa nafuu, sikatai. Baadaye Baraza la Mitihani lilirudisha maswali machache ya kuandika jibu, nalo ninalipongeza kwa hilo. Lakini fikirini mtoto aliyesoma miaka saba akijua kwamba siku ya mwisho hataombwa aandike aya hata moja. Mwalimu wake naye alijua. Mzazi naye, akinunua vitabu vya maswali na majibu pale Mwanjelwa, alijua. Uandishi ulitoka mlangoni kimyakimya na hakuna aliyeita mkutano. Kisha mtoto huyohuyo anafika kidato cha nne anakuta insha inamsubiri, kwa kalamu ya wino, katika chumba ambacho hakuna kibodi wala masahihisho ya mashine.

Tusidhani pia kwamba kalamu imeisha kazi duniani. Angalieni matangazo ya ajira za polisi na zimamoto: mara nyingi bado yanataka barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Mtoto wetu anahitaji mikono yote miwili, ya kushika kalamu na ya kubonyeza.

Mnaweza kusema kazi ya kusoma insha ni ya mwalimu. Tupige hesabu pamoja. Darasa la watoto 90, na tunazo za zaidi ya hapo. Insha moja ikisomwa kwa dakika tano tu, zinakuwa dakika 450, yaani saa saba na nusu. Huo ni mzunguko mmoja wa insha, kwa somo moja, kwa darasa moja. Mwalimu yule ana vipindi vingine, ana maandalio ya somo, ana watoto wake nyumbani. Kwa hiyo anatoa zoezi la kujaza nafasi, na sitamlaumu. Hata mashirika yanayopima elimu hayamsaidii: Uwezo, ambao kwa miaka mingi walizunguka kaya kwa kaya kupima watoto wa nchi yetu, walipima kusoma na kuhesabu. Kuandika hakukuwemo. Katika zile K tatu tunazozitaja kila siku, K ya katikati ndiyo isiyo na mwangalizi. Msomaji aliyebaki ni yule anayelala na mtoto nyumba moja.

Nina jirani, mama anayeuza viazi. Hakumaliza shule na herufi anazisoma kwa kusitasita. Mwanawe wa darasa la tano alipewa kazi ya kuandika juu ya likizo yake, akaandika: "Tulienda shamba. Tulivuna viazi. Tulirudi nyumbani." Mistari mitatu, imekwisha, analala. Mama akamwambia, nisomee. Mtoto akasoma. Mama akauliza, gunia alibeba nani? Mtoto akacheka, akasema si lilipasuka njiani, viazi vikabingirika mpaka mtoni. Mama akamwambia, sasa mbona hilo hukuliandika? Mtoto akarudi mezani. Toleo la pili lilikuwa na gunia lililopasuka, na mjomba aliyevua viatu akaingia mtoni kuokota viazi, maji yakiwa ya baridi ya mwezi wa sita, na mbwa aliyekimbia na kiazi kimoja. Ukurasa ulijaa. Mama yule hakusahihisha hata nukta moja. Aliuliza swali moja la mtu anayetaka kujua, na mtoto akaona kwamba maisha yake yanaweza kuandikwa, na kwamba mtu mwingine anaweza kutaka kuyasikia.

Ndiyo maana nasema mzazi wa nyuma kule mkutanoni asijitoe. Kazi hii haihitaji cheti wala kujua kuwasha kompyuta. Inahitaji "nisomee", na baada ya hapo maswali: ikawaje? Alisema nini? Hapa unamaanisha nini? Tahajia na nukta zije mwisho, na zije chache. Mtoto anayekosolewa makosa 20 kwa mara moja hujifunza kuandika mistari mitatu.

Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake watoto wetu wanafundishwa, alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958. Ndugu huyo alizitunza. Mwaka 2002 zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), chini ya uhariri wa Mulokozi, na leo tunazisoma. Kabla nchi nzima haijamjua, alikuwa na mtu mmoja aliyefungua bahasha, akasoma, akaiweka mahali salama. Nawaomba kila mtoto wa kata hii apate wake.

Kwa hiyo nianze na nyumbani. Ukurasa mmoja kwa wiki. Siku mtaichagua wenyewe; kwangu Jumapili jioni inafaa kwa kuwa wote tupo. Mtoto aandike kuhusu kitu anachokijua kuliko wewe: mchezo wao mpya, safari ya kwenda kusaga, malori ya Zambia yanavyojipanga barabara kuu, ugomvi wa kisima. Au amwandikie bibi Rungwe barua ya kweli, ya karatasi, mtu anayekwenda huko aibebe, na bibi asomewe na ajibu. Wadogo waandike kwa mkono. Wakubwa, kuanzia darasa la tano hivi, waandike kwa mkono kwanza na ikiwezekana wachape baadaye, kwa simu ya mzazi ikiwa hakuna kompyuta. Simu nyingi za sasa zina kibodi ya Kiswahili ndani yake. Iwasheni, isije ikawa kila mtoto akiandika "kama" simu inambadilishia kuwa "karma" kisha tunamlaumu yeye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu 2004. Wataalamu wetu walishatambua zamani kwamba mashine inapaswa kujifunza lugha ya mtoto.

Kwa wenye watoto wa sekondari, neno kidogo juu ya akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, kuna kazi za likizo zinazoandikwa na simu kwa dakika mbili, hata kwa Kiswahili, na mtoto anakopi tu. Kumnyang'anya simu ni haki yako, ila ataazima ya mwenzake. Njia ninayoiamini ni ileile ya msomaji. Mwambie afunge simu na daftari, akueleze kwa mdomo alichoandika na kwa nini alikiandika. Aliyeandika mwenyewe ataeleza mpaka umchoke. Asiyeandika ataishiwa baada ya sentensi mbili, naye atajua kwamba umejua. Tena mpe kazi ambayo simu haiwezi: simu haijui matope ya njia yetu ya kwenda Ituha wakati wa masika yananata vipi kwenye kiatu cha shule.

Ninyi wenye steshenari hapa barabarani, nina ombi ambalo halitawagharimu sana. Mzazi akija na mtoto na kazi ya shule, msimchapie. Mwekeeni mtoto kiti. Asubuhi ya saa tatu wateja wanapokuwa wachache, mtoto wa likizo anaweza kuchapa ukurasa wake kwa kutafuta herufi moja moja, na mkimtoza mtozeni ya karatasi. Na wewe mzazi, usimlipe mchapaji ili mtoto aende kucheza. Utakuwa umenunua ukurasa na kuuza somo.

Walimu wetu, hatuwaombi msome insha 90 kila wiki. Tunaomba tatu zisomwe kwa sauti mbele ya darasa, na wenyewe wakiwa wamesimama. Kile kishikwambi kipige picha ukurasa mmoja mzuri, kiurushe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa badala ya tangazo la michango peke yake. Mtoto ambaye ukurasa wake umesomwa na wazazi wa wenzake atauandika unaofuata kwa moyo mwingine kabisa.

Wanafunzi wa MUST pale Iyunga na wa TEKU, mnapanga vyumba kwetu na mnakula kwetu. Tuleteeni kompyuta zenu za mkononi Jumamosi moja moja, mkae na watoto wa kata wakachape walichokwisha kuandika kwa kalamu. Na wazazi mliojaliwa nauli, ipelekeni familia Maktaba ya Mkoa mjini. Mtoto asiyesoma ukurasa wa mtu mwingine hana pa kuanzia ukurasa wake.

Muhula ukifunguliwa mwezi wa saba tutaitwa mkutanoni kama kawaida, na ajenda zitakuwa zilezile: chakula cha mchana, madawati, mitihani ya majaribio. Zijadiliwe zote. Ila namwomba mwenyekiti wa kamati ya shule atupe dakika 20 za mwanzo, kabla watu hawajaanza kuondoka kuwahi biashara. Watoto watatu wasimame wasome walichoandika, wawili kutoka kwenye daftari na mmoja kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, na sisi tuulize maswali. Kila mzazi aje na daftari la mwanawe mkononi, akiwa amelisoma au amesomewa. Asiyekuwa na daftari la kubeba, aanze Jumapili hii.